Neno Kinywani mwa Mwenyewe: Juu ya Mazungumzo na Waandishi Wetu

Msomaji anapomaliza kitabu kilichomgusa, hutamani kumjua aliyekiandika. Hutaka kufahamu alizaliwa wapi, alilelewa na nani, alipatwa na nini, na kariha ile aliipata kutoka wapi. Tamaa hii si ya ajabu wala si ya kulaumiwa, kwani wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kutokana na tamaa hii umezuka utanzu mzima wa maandishi: mazungumzo na waandishi, tawasifu zao, dibaji zao, barua zao, na hotuba wanazotoa wanapotunukiwa. Utanzu huu wahakiki wetu wameutumia sana lakini wameuchunguza kidogo. Mara nyingi hunukuu kauli ya mwandishi kama vile hakimu anukuuvyo sheria, na mjadala ukaishia hapo.

Katika makala haya tunakusudia kuuliza maswali matatu. Je, mwandishi anaposema juu ya kazi yake, kauli yake ina uzito gani mbele ya kazi yenyewe? Je, sisi tunaouliza, tunauliza ipasavyo? Na je, mazungumzo haya yanafanywa kwa lugha gani, na kwa faida ya nani? Tunaamini kwamba maswali haya si ya darasani tu. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, Muhammed Said Abdulla mwaka 1991, na Euphrase Kezilahabi mwezi Januari 2020. Kila anapoondoka mmoja wao, huenda na majibu ambayo hayatapatikana tena. Kwa hiyo namna tunavyouliza leo ndiyo itakayoamua kizazi kijacho kitajua nini.

Kwanza kabisa hatuna budi kuondoa dhana kwamba mwandishi kujieleza ni desturi tuliyoletewa na magazeti ya kizungu. Mtu yeyote aliyesoma tenzi za kale anajua kwamba watunzi wengi walijitaja ndani ya kazi zao, wakaeleza sababu ya kutunga, wakaweka na tarehe. Mwana Kupona, alipotunga utenzi wake mwaka 1858, hakumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Alieleza kwamba yu mgonjwa, akamwita binti yake karibu, akamtaka ashike kalamu na karatasi. Hapo tunapata mambo yote ambayo mwulizaji wa siku hizi angeyatafuta: nani anasema, anamwambia nani, yu katika hali gani, na kwa nini ameona lazima aseme sasa wala si kesho. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona hakuulizwa na mgeni. Maelezo ya maisha yake ni sehemu ya utungo wenyewe, na usia ule ungepungua nguvu kama tungeyaondoa.

Mfano wa pili ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840 au karibu na hapo. Muyaka hakupata kuulizwa swali na mhakiki yeyote. Mashairi yake mengi yalikuwa majibizano, mafumbo na vijembe vilivyotokana na matukio ya siku ile, na tukio likisahauliwa shairi hubaki kama kufuli lisilo ufunguo. Bahati yetu ni kwamba mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo Mombasa Mwalimu Sikujua, mtu mwenye kumbukumbu na mapenzi ya lugha, ambaye alishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya mashairi hayo na kuyaeleza. Diwani ya Muyaka iliyotolewa na William Hichens mwaka 1940 ilijengwa juu ya kazi hiyo. Kisa hiki kinatufunza kwamba mazungumzo juu ya mwandishi yanaweza kuwa na thamani hata pale ambapo mwandishi mwenyewe hayupo, ilimradi awepo mtu aliyejua mazingira na aliyeulizwa kwa wakati.

Tukija kwenye nathari ya karne ya 20, tunamkuta Shaaban Robert akisimama pande zote mbili za mazungumzo. Kwa upande mmoja yeye ndiye mwulizaji. Alikutana na Siti binti Saad karibu na mwisho wa maisha ya msanii huyo, aliyefariki mwaka 1950, na kutokana na hayo akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Kitabu hiki kinastahili kusomwa tena na kila mtu anayetaka kuwahoji wasanii. Siti alikuwa mwanamke wa shamba, mtoto wa watu wanyonge wa Fumba, ambaye sauti yake ilimfikisha Bombay mwaka 1928 kunasa sahani za santuri. Shaaban Robert hakumwendea kama mtu wa kustaajabiwa tu. Alimwendea kama msanii anavyomwendea msanii mwenziwe, naye akaona katika maisha yale somo juu ya utu: kwamba asili duni na sura isiyosifiwa na watu haviwezi kuizuia kazi njema. Twaweza kumlaumu kwamba alipenda mno kufundisha, hata mara nyingine Siti wa kitabuni anaonekana kama mfano wa maadili kuliko mtu wa nyama na damu. Lakini lawama hiyo haiondoi ukweli kwamba pasipo kitabu hicho tungebaki na sauti ya Siti katika sahani chache na mengi ya maisha yake yangepotea.

Kwa upande wa pili Shaaban Robert ndiye msemaji wa nafsi yake. Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini ni tawasifu ya mtu aliyefanya kazi katika ofisi za serikali ya kikoloni huku akiandika kwa muda wake mwenyewe. Msomaji anayeitafuta humo siri ya kutunga atatoka na kiu. Mwandishi anasimulia ndoa, misiba, uhamisho na kazi, anawatungia wanawe tenzi mbili za mausia, Hati na Adili, lakini hatupeleki jikoni kutuonyesha jinsi chakula kilivyopikwa. Wako wasomaji walioona hili kuwa upungufu. Sisi tunaona vingine. Kwa Shaaban Robert uandishi haukuwa chumba cha pembeni chenye mlango wake. Alikuwa mzazi, mtumishi na mtunzi kwa pamoja, na wosia kwa mtoto ulikuwa pia wosia kwa taifa. Hapa anarithi moja kwa moja desturi ya Mwana Kupona. Tukimwuliza ilhamu yake ilitoka wapi, angeweza kutujibu kwamba ilitoka katika wajibu.

Hata hivyo tawasifu ni nguo ya kutokea hadharani. Mwaka 2002 zilichapishwa Barua za Shaaban Robert 1931–1958, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi, ambazo mwandishi alimpelekea ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua hazikuandikwa kwa ajili yetu, na kwa sababu hiyo zinatuambia ambayo tawasifu haikuyasema. Humo tunakutana na mtu wa ukoo mwenye madeni ya moyo na ya mfuko, mwenye shughuli za watu na za miswada. Mhakiki anayeziweka barua na tawasifu pamoja hupata fundisho kubwa: kwamba mwandishi mmoja huwa na sauti zaidi ya moja juu ya maisha yake, na kwamba sauti ya hadharani si ya uongo bali imechagua.

Sasa tuangalie pale ambapo ushahidi wa mwandishi hauna mbadala. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake wa mwaka 1968 uliouliza Kenya inakwenda wapi, akatoka mwaka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni aliyaandika kwa siri katika karatasi za chooni, nayo yakatolewa kwa jina la Sauti ya Dhiki mwaka 1973. Baada ya kufunguliwa alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mambo haya twayajua kwa sababu yeye mwenyewe ameyasimulia. Je, yanatusaidia kuyafahamu mashairi? Bila shaka. Msomaji asiyejua kwamba mtunzi alikuwa peke yake nyuma ya ukuta anaweza kumsoma Mamba kama mnyama wa mtoni tu, asimwone mtawala ajionaye hawezi kushindwa. Umbo lenyewe la mashairi lina jambo la kutuambia. Vina na mizani humsaidia mtu kulihifadhi shairi kichwani pale ambapo karatasi inaweza kunyang'anywa. Kwa mfungwa, kanuni ambazo wengine waliziona kuwa pingu zaweza kuwa msaada.

Lakini hapohapo tahadhari inahitajika. Sauti ya Dhiki ilipata tuzo ya fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974, tuzo yenye jina la kiongozi ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Kisa hiki ni kitamu kusimulia, na utamu wake ndio hatari yake. Tumewasikia wanafunzi wanaoweza kueleza habari za karatasi za chooni kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini wasioweza kueleza ubeti mmoja umejengwaje. Kisa cha maisha kikimeza kazi, tunakuwa tumemheshimu mtu na kuidharau sanaa yake. Maisha ya mwandishi yatufikishe mlangoni mwa shairi. Kazi ya kuingia ndani ni yetu.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya mwandishi kuwa wakili wa nafsi yake. Mgogoro wa ushairi uliopamba moto katika miaka ya 1970 ni mfano ulio wazi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliwaletea wasomaji mashairi yasiyofuata vina na mizani, akatetea matumizi ya lugha ya kawaida ya watu katika ushairi. Mulokozi na Kahigi wakafuata kwa Malenga wa Bara na baadaye Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Upande wa pili washairi wa mapokeo wakajibu kwa ukali kwamba utungo usio na vina si shairi la Kiswahili. Katika mabishano hayo kila mwandishi alisema juu ya kazi yake, na kila mmoja alisema akiwa na ngao mkononi. Tukizisoma kauli zile leo, twaona kwamba nyingi zinatueleza zaidi juu ya vita kuliko juu ya mashairi. Kezilahabi wa Karibu Ndani, mwaka 1988, na wa Dhifa, mwaka 2008, ni mshairi mwenye mafumbo mazito ambayo mtu wa kawaida huyasoma mara tatu kabla ya kuyapata. Kama tungeishika kauli ya mwanzo juu ya lugha ya kawaida na kuifanya sheria, tungelazimika kusema kwamba mshairi amejikana. Hakujikana. Alikua, na kauli ya mwandishi juu ya sanaa yake ni ya siku ile aliyoitoa.

Kezilahabi anatupa pia mfano mwema. Mwaka 1976 aliandika tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Haya pia ni mazungumzo, ingawa mmoja wa wazungumzaji alikuwa amekwisha kufariki. Mtu aliyekwisha kuandika Rosa Mistika, kitabu kilichopigwa marufuku mashuleni kwa muda kwa madai ya kukiuka maadili, alikaa chini akampima mwandishi ambaye maadili ndiyo yaliyokuwa roho ya kazi yake. Anayetaka kujua Kezilahabi alifikiri nini juu ya riwaya atafaidika zaidi akitazama jinsi alivyomsoma mtangulizi wake kuliko akisoma majibu aliyoyatoa kwa haraka alipoulizwa juu ya vitabu vyake. Mwandishi anapomhukumu mwenziwe, hujifunua bila kujua.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yetu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, ni miongoni mwa waandishi wetu wakubwa, na kwa miaka mingi alijulikana kwa kujitenga na mazungumzo ya hadharani. Wahakiki wamelalamika kwamba ukimya wake unawanyima ufunguo. Lakini tukirudi kwenye tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, twaona kwamba ufunguo tumekwisha kupewa. Kwanza, mwandishi aliwaonya wasomaji wake kwamba Kinjeketile wake ni mtu wa sanaa, asichanganywe na Kinjekitile wa historia aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905. Pili, na hili ndilo kubwa, tamthilia yenyewe inahusu mtu aliyetoa neno, na neno likampita. Kinjeketile aliwapa watu maji ili wapate umoja. Watu wakalichukua neno lile, wakalipa maana yao, wakaenda vitani kabla ya wakati aliouona yeye kuwa unafaa. Mwishoni, alipotakiwa na adui akane kwamba maji yale yalikuwa na nguvu, alikataa, kwani aliona kwamba neno lile si lake tena. Ni la watu na la vizazi vitakavyokuja.

Tunaposoma mwisho huo twaona kwamba Hussein ametupa nadharia nzima ya mwandishi na kauli yake. Mwandishi ni kama Kinjeketile. Huzaa neno, lakini akikwisha kulizaa hana mamlaka ya kulirudisha tumboni. Anaweza kutuambia alikusudia nini, nasi tutamsikiliza kwa heshima. Lakini kama neno limekua kuliko makusudio, hata yeye hawezi kulipunguza. Kwa mtazamo huu ukimya wa mwandishi si kiburi. Huenda ni namna ya kukiri kwamba kazi imekwisha kutoka mikononi mwake. Na mhakiki anayemfuata mwandishi mlangoni akitaka jibu la mwisho, anamtaka afanye lile ambalo Kinjeketile alikataa kulifanya.

Je, basi tuache kuwauliza? La hasha. Hoja yetu si kwamba mwandishi hana la kusema, bali kwamba tumtambue anasema kama nani. Yeye ni shahidi, tena shahidi wa karibu kuliko wote, lakini shahidi si hakimu. Juu ya mazingira, tarehe, miswada iliyokataliwa, vitabu alivyovisoma na watu waliomfunza, ushahidi wake ni wa kwanza. Juu ya maana ya kazi, yeye ni msomaji mmoja miongoni mwa wasomaji, ingawa msomaji aliyekaa karibu. Muhammed Said Abdulla alipomwumba Bwana Msa, aliyejulikana kwa wasomaji tangu Mzimu wa Watu wa Kale, wasomaji walimwona Sherlock Holmes nyuma yake bila kungoja kuambiwa. Ambalo ni yeye tu angeweza kutueleza ni jinsi miaka yake ya kuhariri magazeti huko Unguja ilivyomfunza kusikiliza maongezi ya barazani.

Hapa twapenda kusimulia jambo dogo. Siku moja tulimwendea mzee mmoja malenga katika mji wa pwani, tukiwa na orodha ya maswali. Tulimwuliza kariha yake inatoka wapi. Akatutazama, akacheka kidogo, akasema hajui. Tukajaribu kwa maneno mengine, akasema hajui. Tulipokwisha kukata tamaa tukamwuliza shairi lake la mwisho alilitunga lini na kwa sababu gani. Hapo akanyanyuka kitako. Akatueleza juu ya jirani aliyemdhulumu mjane mpaka wa shamba, jinsi wazee walivyonyamaza, jinsi yeye alivyoshindwa kulala, na jinsi alivyoanza na kituo kabla ya kupata beti. Alizungumza mpaka adhana ya magharibi. Tuliondoka na aibu yetu. Swali la kwanza lilikuwa la kitabuni, nalo halikuwa na mahali pa kukaa katika maisha yake. Swali la pili lilikuwa la kazi. Tangu siku hiyo tumeamini kwamba makosa mengi ya mazungumzo haya ni ya mwulizaji.

Tumalizie kwa suala la lugha. Mwaka 1980 kilichapishwa huko Ohio, Marekani, kitabu cha mahojiano na waandishi, wachapishaji, wahariri na wataalamu wa Afrika Mashariki, kilichohaririwa na Bernth Lindfors. Kitabu hicho kinaitwa Mazungumzo. Jina ni la Kiswahili, na yaliyomo ni ya Kiingereza. Hatusemi haya kwa kejeli, maana ni kazi yenye faida na pengine pasipo yeye mengi yasingeandikwa. Lakini jambo hili linatuuma. Hata Penina Muhando Mlama, aliyeandika tamthilia zake kwa Kiswahili kutoka Hatia hadi Lina Ubani ili awafikie watu wake, alipoeleza mwaka 1990 matatizo ya kutunga kwa lugha ya mama, alieleza kwa Kiingereza katika jarida la Marekani. Mtazamaji aliyeicheka na kuililia Nguzo Mama hakuwa miongoni mwa walioelezwa.

Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi, ulimwengu mzima ulitaka kumsikia akieleza maisha yake ya uandishi. Wengi wa jamaa zake wa lugha walikuwa hawajapata kusoma kitabu chake hata kimoja, na walitanguliwa na mahojiano kabla ya kazi. Ilipotoka Peponi mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ndipo mazungumzo yalipoanza kwa haki, kwa sababu sasa msomaji wa Kiswahili alikuwa na kitabu mkononi na swali lake mwenyewe kinywani.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu na vyombo vya utamaduni viwahoji waandishi kwa Kiswahili, na kuyachapa mahojiano hayo kwa ukamilifu yakiwa pamoja na tarehe na mazingira yake. Pili, malenga wa vijijini, manju wa ngoma na watunzi wa taarabu waulizwe sawasawa na wenye vitabu, kwani Siti binti Saad hakuandika kitabu. Tatu, mhakiki asiende kwa mwandishi kabla hajaisoma kazi mara ya pili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mwandishi akiulizwa na mtu asiyemsoma hutoa majibu ya kumfurahisha mgeni.

Neno likitoka halirudi kwa mwenyewe. Lakini mwenyewe angali hai, na kabla hajaondoka twaweza kumwuliza njia aliyoipita neno lile lilipokuwa bado kifuani mwake. Hiyo ndiyo faida ya mazungumzo. Yaliyobaki yamo kitabuni, nacho kinatungoja.